Chupa ya Marashi

Asubuhi ile Kitwana alipoomba aletewe hakimu ili akiri kwamba alimuua Bwanaheri, Konstebo Mwinyimvua aliomba arudishiwe chupa ya mkewe.

Ombi la kwanza lilikifurahisha kituo kizima cha polisi cha Bagamoyo. La pili nusura lisisikike, maana Mwinyimvua ni mtu wa kunong'ona hata anapopiga saluti. Alisimama mbele ya meza ya Sajini Muhidini, kofia kwapani, akangoja sajini amalize kulifunga jalada kwa uzi.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Muhidini. Cheo kilikuwa chake, lakini umri ulikuwa wa Mwinyimvua, na pale mjini cheo hakijapata kumnyang'anya mtu shikamoo yake.

"Marahaba, afande. Nina neno dogo tu. Kwa kuwa kesi imekwisha, ile chupa ya marashi naona ingerudi nyumbani. Mwanamkasi ananiuliza kila siku. Jumamosi tuna hitima, marashi hana pa kuyatia."

"Chupa gani?"

"Ile ya dawa ya povu."

Muhidini aliuacha uzi. "Dawa ya povu ilikuwa kwenye chupa ya kahawia. Ya zahanati."

"Ile ya kahawia niliirudisha kesho yake tu. Si unaijua zahanati yetu, afande? Dawa watakupa, chupa uje nayo. Bibi Ashatu alinipa kwa kuniamini, akaniapiza niirudishe. Basi nikaimimina dawa kwenye ya marashi. Na niliiosha, usiwe na shaka. Niliisugua kwa majivu mpaka ikameta."

Akanyoosha kidole dirishani. Chupa ilikuwa palepale ilipokaa wiki tatu, nyembamba, ya kioo cheupe, kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama mashariki, ambako jua huingia tangu linapochomoza mpaka karibu na adhuhuri. Muhidini alikuwa akiiona kila siku. Alidhani ni maji ya mtu ya kunywa.

"Siku tulipoijaribu tezo ya fundi Mbaruku," aliuliza polepole, "dawa uliyoniletea kikombeni uliitoa humo?"

"Humo humo, afande."

"Na kizibo kilikuwa kimefungwa sawasawa?"

"Ah! Kizibo kile kilinitesa wiki ya kwanza. Nakikandamiza, nikirudi nakikuta sakafuni. Nikasema ni panya. Baadaye kikatulia chenyewe."

Muhidini akachomoa pini kwenye jalada, akajichoma kidole cha shahada, akakikamua mpaka tone la damu likasimama. Akaimiminia damu ile dawa ya chupa ya marashi. Damu ikachuruzika mpaka kwenye kiganja, nyekundu, imechanganyika na maji. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

Akamimina tena; hakikutoka kitu. Mwinyimvua naye akainama kukitazama kidole, ingawa hakujua anatafuta nini.

Ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma Bwanaheri, mwangalizi wa majumba ya kale, alikutwa amekufa pembeni mwa shamba la muhogo la Kitwana kule Makurunge, kichwa kimepasuliwa kwa pigo moja. Wiki hiyo hiyo wawili hao walikuwa wamegombana sokoni mbele za watu, kwa sababu Kitwana alibeba mawe ya gofu la zamani akajengee kizimba cha kuku. Panga la Kitwana lilikutwa na madoa ya rangi ya kahawia, na shati lake pia. Muhidini alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kozi ya miezi mitatu Dar es Salaam, na huko alifundishwa kwamba dawa ya povu, ile ya kusafishia vidonda, ikikuta damu huumuka. Akaimimina kwenye panga hadharani, watu wamejaa uani. Povu likafoka jeupe mpaka kwenye mpini. Wanawake wakapiga kelele. Muhidini siku hiyo alijiona kidume, na sioni haja ya kumsitiri: alivimba kichwa.

Siku kumi baadaye ikaja karatasi ya daktari. Jeraha lilikuwa na upana wa vidole vinne, limenyooka, na juu ya mfupa palikuwa na kimstari chembamba kilichoinuka, kama kwamba ubapa uliopiga ulikuwa na pengo. Panga halipigi hivyo. Tezo ya seremala hupiga hivyo. Na palikuwa na seremala mmoja, fundi Mbaruku, ambaye Bwanaheri alimzuia kung'oa milango ya nakshi kwenye nyumba zilizohamwa. Muhidini akaichukua tezo yake, akaimiminia dawa ya kikombeni. Kimya. Fundi akarudishiwa tezo yake pamoja na maneno ya kuombwa radhi.

Na dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kufa dirishani.

Inspekta Mikidadi, mkuu wa kituo, alisikiliza maelezo yote akiwa anakata kucha.

"Hakimu anakuja baada ya alasiri," alisema. "Unataka nimwambie arudi?"

"Nataka siku mbili, afande. Panga liko kwa mkemia Dar, majibu hayajaja. Na tezo nilimwachia mtu kwa dawa mbovu."

"Hiyo ni tezo. Mimi nakuuliza panga. Siku ulipomwagia panga, dawa ilikuwa nzima au mbovu?"

"Nzima."

"Ikatoa povu?"

"Ikatoa."

"Basi?" Inspekta akapuliza vumbi la kucha. "Sajini, mtu mwenyewe anataka kukiri. Hakupigwa, hakutishwa. Wewe umekuwa wakili wake tangu lini? Akishakiri mbele ya hakimu, ya mkemia hatuna haja nayo."

Muhidini alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. Alikuwa na muda wa saa tano hivi, na mtu akishakiri mbele ya hakimu katika kesi ya kuua, mlango unaobaki mbele yake ni wa kitanzi.

Alianzia mahabusu.

Kitwana alikuwa kijana wa miaka thelathini, lakini wiki tatu zilimkondesha akabaki mifupa na macho. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu ameikunja.

"Nani kakwambia ukiri?" aliuliza Muhidini.

"Hakuna, Bwana Sajini. Nimechoka kubisha."

"Kubisha na nani?"

"Na panga." Kitwana akajifuta uso. "Siku ile nilikuwa na homa kali. Nakumbuka nimeng'oa muhogo wa makopa, nakumbuka namenya na panga, nakumbuka jua. Halafu nimeamka nyumbani usiku, mama ananipangusa maji. Katikati hapo pana kiza. Mimi sikumbuki, lakini panga linakumbuka. Wewe mwenyewe ulilimwagia dawa, nikaona kwa macho yangu. Babu yangu alitusimulia mkate wa kiapo: mwizi ukimfika kooni unamkaba, mwema unampita. Dawa yako ndiyo mkate wa siku hizi. Imenikaba."

"Ile si kiapo, Kitwana. Ni dawa ya vidonda."

"Kwako wewe. Mama yangu naye aliona." Akautazama mlango. "Anakuja kila siku. Anampa konstebo chakula, anaondoka. Hajaomba kuniona hata mara moja. Mama aliyenizaa, Bwana Sajini! Kama yeye ameamini, mimi ni nani nisiamini? Nataka nikiri nipumzike. Pengine Mungu atanisamehe kwa kusema kweli."

Muhidini alitoka mle ndani. Alikuwa amekamata wezi wakala yamini mbele ya bidhaa walizoiba. Hii ya mtu asiyekumbuka kosa kujishuhudia mwenyewe, tena kwa povu alilolitoa yeye sajini, hakuifunzwa kwenye kozi. Aliona hofu. Kwa mara ya kwanza tangu avae magwanda, aliogopa kazi yake.

Kwenye baraza ya kituo alikaa Bi Chausiku, mamaye Kitwana, kikapu mapajani, uso ameuinamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Chakula hiki hapa. Mpeni."

"Hutaki kumpa mwenyewe?"

"Mpeni," alisema tena.

Nyumba ya kazi ya fundi Mbaruku ilikuwa mtaa wa nyuma, kwenye ukumbi wa nyumba ya mawe iliyopoteza paa. Fundi alikuwa na miaka hamsini na ushei, mpole, mwenye mikono mizito. Alikuwa akichonga mguu wa kitanda. Tezo ilikuwa inang'aa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniomba radhi mara ya pili?"

"Nimekuja kuitazama tezo yako."

"Itazame tu. Dawa yako ilikwisha itakasa." Akamkabidhi bila wasiwasi.

Mpini ulikuwa mpya, mweupe, haujashika hata jasho. Ubapa ulikuwa umeliwa na jiwe la kunolea karibu upana wa kidole. Kama palikuwa na damu kwenye tundu la mpini, sasa ilikuwa jivu mekoni mwa mtu. Muhidini aliigeuza mara mbili, tatu. Alijua ameshachelewa, na alijua nani alimpa fundi nafasi ya kuisafisha.

"Mpini wa zamani uko wapi?"

"Ulipasuka. Tukapikia chai."

"Na ubapa, mbona umeunoa kiasi hiki? Umeumaliza."

Hapo fundi alijibu kama fundi. Mtu wa kazi ukimuuliza juu ya chombo chake husahau kwamba wewe ni polisi. "Ulikuwa na pengo dogo, hapa, karibu na pembe. Ukichonga, kila pigo linaacha uzi kwenye mti. Kazi inakuwa chafu, ni lazima uipitishie randa. Nikasema haifai, nikaliondoa."

"Lini?"

"Siku mliyonirudishia."

Muhidini aliitazama pembe ya ubapa. Uzi juu ya mti. Uzi juu ya mfupa. Akaituliza sauti yake.

"Nasikia kiunza cha marehemu Bwanaheri ulikichonga wewe." Kiunza ni ule ubao wa kumfunikia maiti ndani ya mwanandani wa kaburi kabla ya kufukiwa.

"Asubuhi yake. Kwa thawabu tu. Nilipata ubao wa mwembe, nikauchonga mbio mbio, maana maziko yalikuwa kabla ya adhuhuri."

"Kwa tezo hii?"

"Ninayo nyingine?"

"Ukaupitishia randa?"

"Kiunza hakipigwi randa, mwanangu. Maiti hadai..."

 Mkono wa fundi ulikuwa umekwenda kuichukua tezo, ukasimama hewani. Wakatazamana. Halafu Mbaruku akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha piga hesabu yake.

"Mwembe," alisema. "Mchwa wanaupenda sana mwembe. Na kaburi la Mwislamu halifukuliwi kwa sababu ya sajini kuota ndoto. Tena nasikia muuaji wenu anakiri leo."

"Nani kakwambia?"

"Mji huu mdogo." Akaichukua tezo yake mkononi mwa Muhidini, akarudi kwenye mguu wa kitanda.

Saa saba unusu. Jua lilikuwa kali na Muhidini alikuwa hajala. Alitembea akipiga mahesabu kwa sauti kiasi kwamba wanawake wawili walimpisha njia. Alimjua muuaji, na alijua ushahidi ulipo: chini ya ardhi, juu ya kifua cha marehemu, unaliwa na mchwa. Lakini nani atafukua kaburi ilhali kuna mtu mahabusu anayesema ni mimi? Na Kitwana hatanyamaza maadamu lile povu la kwanza limesimama. Povu lile lilikuwa la kweli, dawa ilikuwa nzima. Kama si damu ya Bwanaheri, lilikuwa nini?

Alifika zahanati hana swali lingine ila hilo.

Bibi Ashatu, muuguzi na mkunga, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikuwa akimfunga mama mmoja wa jirani aliyejikata kidole wakati wa kumenya muhogo.

"Chupa yangu nilirudishiwa," alisema mara alipomwona, "kama umekuja kwa hilo."

"Nimekuja kwa dawa iliyokuwamo. Imekufa. Haitambui damu tena."

"Mliiweka wapi?"

Muhidini akaeleza: kioo cheupe, dirishani, juani, chupa imesuguliwa kwa majivu. Bibi Ashatu akaguna kwa kila neno, na kwenye majivu akaguna mara mbili.

"Unadhani ile kahawia ni pambo? Dawa hii, sajini, ni maji yaliyobebeshwa hewa kupita kiasi. Haiupendi mzigo wake. Kila siku inatafuta sababu ya kuutua. Jua ni sababu, joto ni sababu, majivu ndiyo usiseme. Ikivunjika, hewa inakwenda zake, chini yanabaki maji matupu. Kizibo hakikuruka?"

"Kiliruka. Tukadhani panya."

"Panya! Hewa hiyo, inatafuta mlango. Hujaona jiwe la matumbawe tanuuni? Linatiwa moto, linaachia hewa yake, linabaki chokaa. Na magadi kwenye unga, kinachouumua ni nini? Kila kitu kina cha kukivunja." Akaichukua chupa ya kahawia, akaitikisa kwa masikitiko. "Hii ndiyo iliyobaki mpaka gari la Dar lije. Lete mkono, mama."

Akamimina kidogo kwenye kidole kilichokatwa. Povu likatoka. Matone mengine yakadondokea kwenye mkono wa kushoto wa yule mama, uliokuwa chini yake, mzima, hauna jeraha wala mkwaruzo.

Mkono wa kushoto nao ukatoa povu.

"Ngoja," alisema Muhidini.

"Nini?"

"Mkono huu haukukatwa."

"Haukukatwa," alisema yule mama. "Ndio nilioshikia muhogo. Sijanawa, baba, nimekuja mbio na unga unga wake."

Muhidini aliushika mkono ule akausogeza kwenye mwanga. Kati ya vidole na chini ya kucha palikuwa na utelezi mweupe wa muhogo mbichi, na juu yake povu lilikuwa likitokota kwa raha zake.

"Bibi Ashatu, ulijua hili?"

"Mimi namimina kwenye vidonda. Mihogo haijaja kutibiwa hapa."

"Kitwana alikuwa anamenya makopa! Panga lilikuwa limejaa muhogo mpaka kwenye mpini. Na yale madoa ya shati..."

"Rangi gani?"

"Kahawia, karibu na nyeusi."

"Shati la mkulima? Utomvu wa mgomba huo. Muulize mke yeyote kama unatoka." Akamtazama kwa huruma ya ghafla. "Mlimfunga mtu kwa muhogo, sajini?"

"Nilimfunga mimi. Nipe hiyo chupa."

"Chupa yako iko wapi?"

"Bibi Ashatu! Mtu anakiri baada ya alasiri!"

"Na mimi nina vidonda vya watu." Akajifunga kanga, akaitia chupa ya kahawia chini yake, isione jua. "Twende. Sikupi, nakuja nayo mwenyewe. Nyinyi polisi mkipewa chupa mnaitia majivu."

Walipofika kituoni hakimu alikuwa amekwisha kaa. Alikuwa mzee mwenye miwani, karatasi safi mbele yake, kalamu mkononi. Kitwana alisimama ukutani bila pingu. Inspekta Mikidadi alimkazia Muhidini macho.

"Umechelewa."

"Dakika tano, mheshimiwa," Muhidini alimwomba hakimu. "Kabla hajasema neno. Mtuhumiwa huyu anakiri kwa sababu moja tu: aliona panga lake likitoa povu. Nataka kuonyesha kwamba muhogo nao hutoa povu lile lile."

"Muhogo?" Hakimu akavua miwani.

"Muhogo, mheshimiwa. Mwinyimvua! Mwite Bi Chausiku, aje na kikapu."

Bi Chausiku aliingia akitazama sakafu. Kikapuni mlikuwa na sahani imefunikwa kawa, na kwenye sahani muhogo. Muhidini akachukua kipande, akakiweka mezani. Bibi Ashatu akamimina.

Hakuna kilichotokea. Dawa ililowesha muhogo, ikachuruzika mezani, ikaelekea kwenye karatasi ya hakimu. Inspekta akacheka kwa pua.

"Kumbe kweli muhogo hauui," alisema.

Muhidini alikigeuza kile kipande upande wa pili. Alimtazama Bibi Ashatu. Bibi Ashatu alikuwa akiitazama chupa dhidi ya mwanga kuona kilichobaki. Kilikuwa kifuniko kimoja, labda viwili. Kitwana alikuwa amefumba macho.

"Naomba niseme, mheshimiwa," alisema Kitwana. "Mwacheni Bwana Sajini, amejitahidi. Ni mimi nili..."

"Nyamaza!" Bibi Ashatu akapiga meza. "Huu umechemshwa! Moto umekwisha uua. Mkononi mwa yule mama ulikuwa mbichi. Leteni mbichi."

Wanaume wakaangaliana. Aliyejua pa kuupata alikuwa mkulima. Bi Chausiku alitoka bila kusema, akapita nyuma ya kituo ambako wake wa makonstebo wamepanda mistari miwili ya muhogo kando ya ua, akashika shina kwa mikono yote miwili, akang'oa. Aliurudisha ndani na udongo wake. Hakungoja kisu. Aliumenya ganda kwa meno, akalitema, akauvunja muhogo vipande viwili, akauweka mbele ya hakimu.

"Mimina," alimwambia Bibi Ashatu.

Bibi Ashatu akamimina yote.

Lilianza na vipovu vidogo pale ulipovunjika, halafu likaumuka, jeupe, likapanda juu ya muhogo na kumwagika mezani, lile lile la uani, lile lile lililowafanya wanawake wapige kelele. Lilisikika likichachatika. Hakimu alivaa miwani tena.

Bi Chausiku alilitazama mpaka likaanza kutulia. Kisha akauliza, na hakuna aliyejua anamuuliza nani:

"Na huu? Huu umemuua nani?"

 Kwa mara ya kwanza kwa wiki tatu alimgeukia mwanawe, akamtazama usoni.  "Nilikuogopa," alisema. "Nilikuogopa, mwanangu, ukiwa umelala na homa mikononi mwangu. Nisamehe." Kitwana aliteremka taratibu na ukuta mpaka akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama mtoto, na mamaye akakaa chini pamoja naye.

"Unakiri?" hakimu alimuuliza, kwa kuwa sheria ilimtaka aulize.

"Sikuua," alisema Kitwana. Akalirudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Sikuua."

Inspekta Mikidadi alimvuta Muhidini dirishani, karibu na chupa ya marashi. "Umefurahi? Sasa povu halina maana tena. Si kwa huyu, si kwa Mbaruku, si kwa yeyote. Umebaki na nini?"

"Na kiunza."

Akaeleza yote mbele ya hakimu: pengo la tezo, uzi juu ya mfupa, ubao wa mwembe uliochongwa asubuhi ya maziko bila kupigwa randa. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Unataka nitoe amri ya kufukua kaburi la Mwislamu. Wiki tatu, mwembe, mchwa. Pengine tutakuta unga. Na ninatoa amri hiyo kwa neno la nani? Panga ulisema ni damu, si damu. Tezo ulisema ni safi, hukujua kama ni safi. Jalada hili linasema polisi walithibitisha mara mbili. Wakili wa fundi atalisoma hilo kwanza."

"Basi jalada lirekebishwe kwanza."

"Nani atalirekebisha? Ukiandika hayo, sajini, utepe huo begani hauna wiki."

Muhidini alitazama mkono wake. Kidole cha shahada kilikuwa bado na alama ya pini. Nje, mtaa wa nyuma, tezo ilikuwa ikigonga mti, pigo baada ya pigo, bila haraka, na kila mmoja mle chumbani aliisikia.

"Mwinyimvua," alisema, "chupa ya mkeo haitarudi Jumamosi. Ni kielelezo. Mwambie namwomba radhi."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya hakimu, mahali alipotakiwa kukaa Kitwana. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni kwa dawa, lakini katikati ilikuwa kavu.

"Hii ni karatasi ya mtu anayekiri," alisema hakimu.

"Ndiyo, mheshimiwa. Andika."

Hakimu akachovya kalamu kwenye wino.

"Jina?"

"Muhidini bin Dadi," alisema sajini, na pale sakafuni Kitwana akainua uso kumtazama.